Mwanafunzi niliyemkana

Jumatano, asubuhi. Mvua ya alfajiri imekatika, lakini ukungu bado umelala juu ya ziwa na Goma, ng'ambo ya mpaka, haionekani. Miguu imevimba kuliko jana. Moyo unakwenda kama mtu anayepanda ngazi na kusimama kila baada ya hatua mbili.

Wiki iliyopita daktari alizungumza na binti yangu nje ya mlango. Alishusha sauti, maskini. Hakujua kwamba katika mwili huu kitu kilichobaki kizima ni masikio. Kwa hiyo najua. Sina hofu kubwa. Nina kazi moja tu ambayo nimeikimbia kwa siku nane, na leo nimemwomba binti yangu aniwekee mito mgongoni, anipe kompyuta, na afunge mlango.

Siku nane zilizopita msomaji mmoja aliacha maoni chini ya kisa nilichokiandika hapa kwenye blogu mwezi uliopita. Wanaonisoma watakikumbuka. Ni kisa cha mtoto wa darasa langu la kwanza kabisa, hapa Gisenyi, katikati ya miaka ya hamsini. Alijifunza kusoma kitabu kikiwa kichwa chini, kwa sababu kila siku aliketi upande wa pili wa kitabu. Mkaguzi Mbelgiji alipokuja, mtoto alipewa kitabu, akakigeuza, akasoma ukurasa mzima bila kukosea hata neno. Mkaguzi alishangaa, nikamweleza, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akatoa kalamu ya wino mfukoni mwake na kumpa mtoto yule.

Ndivyo nilivyoandika. Watu walikipenda sana. Wengine walisema kimewaliza.

Kalamu haikuwapo.

Mkaguzi hakucheka, na mimi sikumweleza kitu.

Ningeweza kufa na uongo huo. Ni mdogo, ni mtamu, haukumdhuru yeyote anayejulikana. Lakini maoni yenyewe ni haya, na nayanakili kama yalivyo:

"Jambo Mama Mwalimu. Mi naandika toka Goma. Koko yangu anaitwa Zaituni, alizaliwa Gisenyi, na mupaka leo anasoma gazeti kichwa chini. Sisi wajukuu wote tulizania ni muchezo yake. Tulikuwa tunafanya devoirs ku meza, yeye anaikala ngambo ingine, anatusahihisha toka kule. Nimemusomea kisa yako. Akasema nirudilie pale pa kalamu. Nikarudilia. Akasema tu: Bon. Huyo mwalimu iko hai bado? Donc, Mama, ni yeye? Na ile kalamu ilienda wapi? Kwetu hatujaiona."

Koko, yaani bibi yake, aliyewasahihishia devoirs, kazi zao za shule. Zaituni. Sikulitaja jina hilo katika kisa changu. Nilimwita "mtoto mmoja".

Nimeyasoma maoni hayo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Nikifika pale pa kurudia, naona aibu ambayo sikujua kwamba mwili huu bado una nguvu ya kuibeba. Aliomba asomewe tena mahali pa kalamu. Alitaka kuhakikisha kama amesikia sawasawa jinsi ninavyodanganya.

Basi niseme yalivyokuwa.

Wakati ule mtaa wa Waislamu hapa mjini ulikuwa wa wafanyabiashara, washonaji na madereva wa malori. Watoto wao walikwenda chuo cha Kurani, lakini shule ya misheni hawakuiingia, maana mlango wake ulikuwa katekisimu. Wazee wa mtaa waliomba kwa muda mrefu darasa ambalo mtoto angejifunza kusoma na kuandika bila kubatizwa. Mwishowe walipewa darasa moja la mwaka mmoja, kwa kujaribu. Mwisho wa mwaka mkaguzi angekuja, awasikilize watoto wakisoma, na kuamua kama darasa litaendelea au litafungwa.

Mwalimu nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, Mkristo, nimetoka kwa masista wa misheni ya Nyundo na cheti kipya kabisa. Nilichaguliwa kwa sababu nilijua Kiswahili. Baba yangu alikuwa karani wa boti na nilikulia katikati ya mabaharia wa ziwa na mizigo yao.

Chumba kilikuwa ghala la ngozi. Ngozi zilikuwa zimeondolewa, harufu yake ilibaki. Kuta zilikuwa za mawe meusi ya volkano, zinaparuza kiasi kwamba hata chaki haikushika. Ubao mkubwa uliahidiwa na haukufika. Tulikuwa na vibao vidogo vya kuandikia, kimoja kwa kila mtoto, na vitabu vinne. Watoto walikuwa ishirini na watatu.

Nilipewa agizo kwa maandishi: watoto wakae kwa safu, wote wakimtazama mwalimu, wasikae duara chini kama chuoni. Nilijaribu safu kwa wiki mbili. Vitabu vinne kwa safu nne, na anayekaa pembeni haoni hata picha. Basi nikaomba mikeka kwa akina mama wa mtaa. Nikawakalisha chini, kundi kwa kundi, kitabu katikati. Kila mtoto alikuwa na unyasi mkononi wa kufuatia silabi. Wazazi walipopita dirishani walifurahi, maana waliona kitu wanachokijua. Na watoto walianza kusoma. Ma, me, mi, mo, mu. Chumba kile kilikuwa kinavuma.

Natamani kuusikia uvumi ule. Nimefundisha miaka arobaini baada ya hapo, katika vyumba vyenye madirisha ya kioo na mbao za kijani, na hakuna mahali nilipousikia tena.

Zaituni alikuwa na miaka minane hivi. Mama yake alikuwa amefariki, aliishi na bibi yake, Bi Hadija, aliyekaanga mandazi. Kila asubuhi Zaituni alibeba sinia la mandazi hadi kwenye gati, akawauzia watu wa boti, ndipo akaja shuleni. Kwa hiyo alichelewa kila siku. Alipofika, wenzake watano walikuwa wamekwisha kubanana upande wa chini wa kitabu na ubavuni. Mahali palipobaki ni pale ambapo hakuna aliyepataka, juu ya kitabu, akiwatazama wenzake usoni. Alijipenyeza, akatoa unyasi wake nyuma ya sikio, akaanza.

Alikuwa mwepesi kuliko wote. Mtu akikwama alimnong'oneza neno kutoka upande ule, bila kujionyesha. Na kibao chake kilikuwa furaha yangu. Nikisimama mbele ya watoto kuvitazama vibao, vyote niliviona vimegeuka, ilinibidi nizunguke nyuma yao nikaviinamie. Cha Zaituni nilikisoma nikiwa palepale niliposimama, maandishi yamenyooka mbele ya macho yangu. Nilimsifu. Miezi mizima nilimsifu, na sikujiuliza kwa nini.

Mwezi mmoja kabla ya mkaguzi nilimpa kitabu asome peke yake, amesimama. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza juu chini, akaanza kusoma.

Darasa lilipasuka kwa kicheko.

"Mwalimu, huyu ni popo!"

"Popo, shuka chini, utaanguka!"

Zaituni hakuinua macho. "Popo anasoma," alisema. "We unayekaa muzuri, soma basi tusikie."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Na hapo hapo nilielewa nilichokifanya. Nilielewa vizuri kabisa, na hili ndilo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Katika masimulizi yangu yote, hata katika kisa nilichoandika hapa, nasema niligundua siku ile ile ya mkaguzi. Si kweli. Nilikuwa na mwezi mzima.

Ingetosha wiki moja. Kumhamisha upande, kukaa naye kila mchana, kumgeuzia kitabu polepole. Sikufanya hivyo. Nilijiambia nitamrekebisha baada ya mtihani. Ningemhamisha, kundi lake lingekosa mnong'onezaji wake, na nilitaka kundi lile lisome vizuri mbele ya mkaguzi. Nilimtumia, basi. Niandike neno lenyewe. Nilimtumia mtoto wa miaka minane kama mtu anavyotumia taa, bila kujali imesimama wapi.

Siku ya mkaguzi nilikunja mikeka na kuificha nyuma ya mlango. Nilikuwa nimeazima mabenchi ya baraza la mtaa. Watoto walikaa kwa safu, miguu inaning'inia, wengine kwa mara ya kwanza maishani. Wazee walisimama nje na kanzu zao za Ijumaa, ingawa haikuwa Ijumaa. Zaituni hakuwapo, boti ilikuwa imechelewa na mandazi yake pia. Nakiri nilishukuru. Niliomba boti izidi kuchelewa.

Mkaguzi alikuwa mrefu, mwenye mafua, kitambaa hakimtoki mkononi. Alijivunia Kiswahili chake na hakutaka niseme Kifaransa. Aliwaita watoto mmoja mmoja. Wa kwanza alisoma vizuri. Wa pili alisitasita, akamaliza. Wa tatu alikwama, akatazama huku na huku kumtafuta mtu ambaye hakuwapo. Mkaguzi aliandika kitu.

Zaituni akaingia.

Alikuwa amekimbia. Mikono ilikuwa bado na mafuta, akaifuta kwenye nguo yake, akatafuta mkeka kwa macho, hakuuona, akasimama.

"Wewe," mkaguzi alisema, "mwenye kuchelewa. Kuja hapa. Soma."

Akampa kitabu. Akakipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza.

Watoto wawili walicheka, wakanyamaza haraka. Alisoma ukurasa wa mbuzi na kisima, mrefu kuliko yote iliyosomwa siku ile. Sauti yake ilikuwa nyembamba na haikusita mahali. Ilikuwa kazi yangu bora. Sijawahi kuwa na kazi bora kuliko ile. Mkaguzi alimsikiliza, kichwa upande, kisha akakiona kitabu.

"Simama. Kitabu iko kichwa chini." Akanigeukia. "Mutoto hii haisomi. Inaimba tu. Umewafundisha kuimba? Wote wanaimba?"

Akakishika kitabu, akakigeuza sawasawa, akakibana mbele ya uso wa mtoto. "Soma sasa."

Zaituni alitazama. Midomo ilicheza. Alijaribu kukirudisha kichwa chini, taratibu, kama mtu anayesaidia, lakini mkono wa mkaguzi ulikuwa umekikaza. Ndipo akanitazama mimi. Hakuwa na hofu usoni. Alikuwa ananingoja. Mimi ndiye niliyejua.

"Mwalimu," mkaguzi aliuliza, "mutoto hii ni ya wewe?"

Sentensi ilikuwepo. Nilikuwa nayo mdomoni: anasoma, Bwana, anasoma kuliko wote, ni mimi niliyemkalisha vibaya, mpe kitabu chochote. Lakini kuisema ilikuwa ni kuitaja mikeka. Ilikuwa ni kukiri kwamba nilivunja agizo la maandishi mwaka mzima, na cheti changu kilikuwa bado kinanuka wino. Niliwaza juu ya baba yangu, alivyowatangazia watu wote wa boti kwamba binti yake ni mwalimu.

Nilisema: "Hapana, Bwana. Si mwanafunzi wangu. Huwa anapita tu na wenzake."

Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Ingekuwa Kifaransa Zaituni asingeelewa.

Alielewa.

Mkaguzi alipolegeza mkono, Zaituni alimrudishia kitabu kwa mikono miwili. Kulikuwa na doa la mafuta pembeni mwa ukurasa. Akalifuta kwa ukingo wa mkono wa nguo yake kabla ya kukiachia. Kisha akatoka. Hakukimbia. Watoto ishirini na wawili waliokuwa wakijua kila kitu walikaa kimya juu ya mabenchi yao. Walikuwa wakimtazama mwalimu wao anavyofanya, wakajifunza.

Mkaguzi alipuliza pua na kuandika kwamba darasa liendelee.

Wazee walinipa mkono mmoja mmoja. Wakachinja. Nilikula wali wao na nyama yao. Mchana ule, nilipobaki peke yangu, nilifungua daftari la majina, nikachukua wembe na kulikwangua jina la Zaituni. Nililikwangua kwa uangalifu sana, karatasi isitoboke. Nilikuwa na mkono mzuri siku hizo.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliokoa darasa la watoto ishirini na wawili. Hata leo nikitaka naweza kulisema hivyo na likasikika vizuri. Lakini nilipofungua mdomo wangu pale sikuwawaza wao. Nilijiwaza mimi.

Siku tatu zikapita bila yeye kuja. Siku ya nne nilikwenda nyumbani kwa Bi Hadija. Alikuwa uani, ameinamia karai, anageuza mandazi.

"Karibu, Mwalimu. Ikala kwa kigoda. Kula andazi, iko moto."

"Asante, Bi Hadija. Nimekuja kumwona Zaituni."

"Zaituni?" Aligeuza andazi moja, la pili, la tatu. "Zaituni gani?"

"Zaituni wa darasani. Mwanafunzi."

"Eh. Si ulisema mbele ya muzungu si wako? Sasa unafuata nani kwangu?"

Hakupandisha sauti. Aliongeza kuni. Nyuma yangu kulikuwa na mlango wenye pazia, na chini ya pazia niliona miguu miwili midogo imesimama, haisogei. Ningeweza kumwita. Ilikuwa hatua tatu. Nilikuwa na andazi mkononi na nilikula, sijui kwa nini, nililimaliza lote. Nikasema asante, nikaondoka.

Sikurudi.

Mkaguzi alipokwenda zake nilirudisha mabenchi na kukunjua mikeka. Watoto walirudi kwenye duara zao. Kundi la Zaituni lilikaa watano vilevile, wamebanana upande mmoja na ubavuni, na juu ya kitabu pako wazi. Nilimwambia mmoja wao, Musa, mtoto mnene aliyekuwa akisukumwa kila siku mpaka nje ya mkeka, ahamie pale apate nafasi.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Pale iko mutu."

Pakabaki wazi mpaka mwisho wa mwaka uliofuata. Nilifundisha kila siku nikipatazama.

Miaka ile ilipoishia familia yangu ilivuka kwenda Tanganyika, kama wengi waliokimbia machafuko ya Rwanda, na huko ndiko nilikozeekea na kupata hiki Kiswahili ninachoandika. Nilifundisha watoto, baadaye nikafundisha walimu. Kisa kilizaliwa huko. Siku moja katika chuo cha ualimu nilikuwa nawaeleza wanafunzi wangu umuhimu wa mahali anapokaa mtoto, nikawasimulia juu ya mtoto aliyesoma kichwa chini. Walifurahi mno. Kijana mmoja akauliza, "Na mkaguzi alifanyaje, Mwalimu?" Nikafungua mdomo, na mkaguzi akacheka. Nilimsikia akicheka. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Mwaka uliofuata akavua miwani. Mwaka mwingine akatoa kalamu.

Kila nilipokisimulia, Zaituni alipata zaidi. Nadhani nilikuwa najaribu kumlipa kwa vitu ambavyo havipo.

Niliporudi Gisenyi nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na miguu yangu ilikuwa bado yangu. Nilipita kwenye lile ghala. Wanauza simu sasa. Nilisimama mlangoni, muuzaji akaniita bibi kwa Kinyarwanda, akauliza, "Mukecuru, unatafuta simu gani?" Nikasema napita tu. Mtaa ule ule, wazee wa umri wangu walikuwa wameketi barazani. Ningewauliza wangeniambia kwa dakika moja: Zaituni wa Bi Hadija aliolewa Goma. Sikuuliza. Niliogopa kujibiwa.

Na alikuwa pale ng'ambo tu. Miaka yote hii, kila asubuhi nasikia wanawake wakipita kwenda Grande Barrière, kivuko cha mpakani, na nyanya zao vichwani, wakirudi jioni na vikapu vitupu, wakicheka. Ningeweza kwenda nao kwa miguu. Nilikuwa nakwenda mbali zaidi kwenye mazishi ya watu nisiowapenda.

Ninachokitamani si msamaha. Nimejichunguza juu ya hilo kwa siku nane. Msamaha ungenipumzisha, na sioni kwa nini nipumzishwe. Natamani kuisikia ile sauti ikisoma. Natamani kumwona amevaa miwani, nywele zake zimekuwa nyeupe au amezifunika, ameketi ng'ambo ya meza, kidole chake kinawaonyesha wajukuu mahali walipokosea. Amewafundisha kutoka upande ule ule nilikomwacha. Ninapofikiria hilo kifua kinabana, na si ugonjwa.

Na natamani, kama mtoto anavyotamani kitu kisichowezekana, mkaguzi aniulize tena.

Jana nilimsomea binti yangu yale maoni na nikamweleza nilivyokusudia. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, acha," alisema. "Watu wamekipenda kisa chako. Unajivunjia heshima bure, sasa hivi, katika hali hii."

"Katika hali hii ndiyo."

"Basi mwandikie yule mjukuu pembeni. Mwombe namba, umwambie yeye na bibi yake. Kwa nini umwage mambo mbele ya kila mtu?"

Ni mwanamke mwenye akili, binti yangu, na ananipenda. Nililala na maneno yake. Asubuhi nikaona kosa liko wapi. Nilimkana Zaituni mbele ya watu, mchana, watu wakisikia. Kumkiri pembeni kungekuwa kumficha mara ya pili.

Kisa kile cha zamani sitakifuta. Nitaandika juu yake kwamba ni uongo na kuelekeza hapa, ili anayekipenda aje ajue alichokipenda.

Nimechoka. Mstari mmoja unanichukua muda mrefu. Vidole vimekuwa kama vya mtu mwingine. Lakini jibu chini ya maoni nimeliandika kwanza, kabla ya haya yote, nikihofia moyo utagoma njiani. Nimeandika hivi:

"Mwanangu, ndiye. Kalamu haikuwapo, nilitunga. Siku ile bibi yako alisoma ukurasa mzima bila kosa, nami nikasema simjui, ili nisikaripiwe. Mwambie huyo mwalimu yuko hai bado. Mwambie nimesema, na wote wanaosoma hapa wasikie: Zaituni alikuwa mwanafunzi wangu."

Halafu nikaandika mtaa ninaokaa, na rangi ya geti.

Hana haja ya kuja. Akikataa, haki yake, na nikisikia amekataa nitajua kwamba ujumbe umefika. Binti yangu amefungua mlango sasa hivi anauliza kama anishushie mito, maana saa hizi huwa najinyoosha hadi alasiri.

Nimemwambia aiache. Leo sitalala mchana.